Wati 450

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha sita aliniletea orodha ya kompyuta aliyoitaka. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, kulikuwa na kadi ya grafiki. Chini kabisa, baada ya kibodi na mausi, aliandika: "Pawasaplai, yoyote."

Tulikuwa na shilingi 900,000. Laki tatu zilikuwa akiba yangu. Laki sita zilitoka kwenye kikoba cha mama, kwa jina la mama. Mama anauza juisi na barafu nyumbani kwetu Tabata, na kikoba hakina habari na kompyuta iliyoungua. Siku ya marejesho ikifika unaweka hela mezani mbele ya wenzako, au jina lako linasomwa ukiwa umekaa hapohapo. Kwa hiyo mimi nilikuwa natafuta mashine itakayofika mwisho wa mkopo ikiwa bado inawaka. Mdogo wangu alikuwa anatafuta ya kuchezea GTA V na kujifunzia Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D ambayo haiuzwi, unaipakua bure. Shida zote mbili zilikuwa halali.

Nyuma ya nyumba yetu kuna fundi wa mageti. Akianza kuchomelea, taa za sebuleni hufifia. Akiacha, zinawaka kwa ghafla. Soketi yetu inatakiwa kutoa volti 230, lakini jioni hujui inatoa ngapi. Na umeme ukikatika kisha ukarudi, hurudi kwa kishindo. Miaka miwili kabla ya hapo kishindo kimoja kiliondoka na kompresa ya friji la mama, tukakaa wiki tatu bila barafu wala juisi ya baridi. Ndiyo maana kwenye orodha ile nilianzia chini.

Kazi ya pawasaplai ni kupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti ndogo: 12, 5 na 3.3. Prosesa na kadi ya grafiki, walaji wakubwa kuliko wote, hulishwa na ile ya 12. Kwa hiyo namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haikuambii mengi. Geuza pawasaplai, soma kibandiko, tafuta safu ya 12V, kisha zidisha ampea kwa 12. Hapo ndipo utajua ina nguvu gani kweli.

Kariakoo nilipewa moja iliyoandikwa 500W kwa shilingi 35,000. Ilikuwa nyepesi kama boksi la viatu vya mtoto. Kibandiko chake kilisema 12V, ampea 16. Nikatoa simu nikazidisha: wati 192.

"Hii inasema 500," nikamwambia muuzaji.

Akamtazama mdogo wangu. "Mkuu, mwambie dada hizi ndizo wanazochukua wote. Zinapiga kazi."

Mdogo wangu akacheka kidogo, akaniangalia, akaangalia chini. Nilijua anataka tuilipie tuondoke. Elfu 35 ingetuachia hela nyingi ya kadi. Nikaishukuru duka, tukatoka.

Kuna alama ya kutafuta: 80 Plus. Mpango huo ulianza mwaka 2004, na ngazi yake ya chini inadai kwamba pawasaplai isipoteze zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaovuta, iwe imebeba sehemu ya tano ya mzigo wake, nusu, au mzigo wote. Kwa nyumba yenye Luku hiyo ni hela: kompyuta ikihitaji wati 200, pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta 250 ukutani, na ile hafifu itavuta zaidi, tofauti yote ikigeuka joto. Lakini alama hiyo inapima upotevu tu. Haikuambii kama ndani kuna kinga ya kuzima pale umeme unapozidi au waya zinapogusana. Kwa hilo inabidi usome waliofungua na kupima modeli yenyewe. Nilisoma wiki mbili, usiku, baada ya kazi. Nikachagua CX450 ya Corsair, daraja la Bronze, ambayo karibu wati zake zote 450 ziko kwenye ile volti 12. Bei: 130,000.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mdogo wangu alitaka RX 580 ya AMD, kadi ya mwaka 2017 yenye memori ya GB 8. Na hakuwa anaropoka. Kwenye gemu, RX 580 inaishinda GTX 1650 niliyokuwa naiangalia mimi, yenye GB 4 tu, na kwa mtumba bei zilikuwa zinakaribiana. Rafiki yake mtaa wa pili alikuwa nayo. Nilimkubalia yote hayo, kisha tukakaa na daftari.

RX 580 inakula wati 185. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa 75 tu, zinazobaki lazima zipite kwenye waya wa ziada kutoka pawasaplai. GTX 1650 ya kawaida inakula 75, inatosheka na tundu lake bila waya wowote. Halafu kuna historia. RX 580 nyingi za mtumba zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, zikiwaka usiku na mchana, na Ethereum ilipoacha uchimbaji wa aina hiyo Septemba 2022, kadi zikamwagika sokoni dunia nzima. Nyingine zina jina lilelile la RX 580 lakini ni toleo la 2048SP lililotengenezwa kwa soko la China, lenye viini 2048 badala ya 2304.

Yote hayo hayakumtikisa. Kilichomnyamazisha ni Blender. Tangu toleo la 3.0 la Desemba 2021, injini yake ya Cycles haitumii tena kadi za AMD za kizazi cha RX 580. Angekuwa na kadi ya kuchezea, na kila picha ya katuni yake ingepikwa na prosesa peke yake, polepole. Alisoma ukurasa huo mara mbili. Akasema, "Sawa dada. Basi 1650." Halafu baada ya dakika: "Lakini kama ni 1650, wati 450 za nini?"

Hesabu ilikuwa upande wake. Tulikuwa tumepata Dell OptiPlex 7010 kwa 280,000, ile yenye boksi kubwa, iliyotumika ofisini. Niliiacha 9020 iliyo mpya zaidi kwa sababu pawasaplai yake ina plagi ya Dell wenyewe ya pini 8, wakati 7010 inapokea plagi ya kawaida ya pini 24. Prosesa yake, i5-3470, ni ya wati 77. Ongeza kadi, diski, ramu na feni, hufiki hata 220. Pawasaplai iliyokuja nayo ilikuwa ya wati 275.

"Unanunua Fuso kubeba gunia moja," akasema.

Mama alikuwa anafunga vifuko vya barafu pembeni. Nilidhani hasikilizi. Akauliza, "Hicho kidude ndicho kinachokaa kati ya umeme na vitu vingine vyote?"

Nikamwambia ndicho.

"Na hiyo ya zamani ina miaka mingapi?"

Modeli ya 2012, nikasema. Akaangalia friji, akaendelea kufunga vifuko. "Mpe dada yako afanye."

Sikufurahia ushindi ule. Mdogo wangu alikuwa na miaka 19, na kitu cha kwanza kikubwa kununuliwa kwa ajili yake kilikuwa kinaamuliwa na watu wawili wanaoogopa umeme. Nikamwambia kadi atakwenda kuikagua yeye, na neno lake ndilo la mwisho.

Alijiandaa kama mtihani. Kadi alizikagua mbili, mimi nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kwanza aliiendesha GPU-Z, programu inayosoma kadi yenyewe badala ya boksi, kwa sababu zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu ndani zijiite GTX 1050 Ti. Kisha akafungua FurMark, inayoisukuma kadi hadi mwisho, akaiacha robo saa akitazama joto. Ya kwanza feni yake ilikuwa inakwaruza, akaikataa. Muuzaji akanigeukia mimi. Nikasema, "Muulize yeye." Ya pili tuliichukua kwa 340,000. Diski ya SSD elfu 60, kibodi na mausi elfu 20, na elfu 70 iliyobaki tukanunua stebilaiza. Hela ikaisha palepale.

Miezi saba sasa. Umeme umekatika mara nyingi nisizohesabu, fundi wa mageti amepata tenda ya shule na anachomelea hadi saa tatu usiku, na kompyuta inazimika na kuwaka bila neno. GTA V inacheza vizuri. Gemu mpya mpya zinamshinda memori, na akitoka kwa rafiki yake mwenye RX 580 huwa kimya kidogo. Kwenye Blender ametengeneza duka la juisi lenye mwanamke na friji, sekunde kumi na moja, na mama ameniomba nimtumie kwenye simu.

Marejesho ya kikoba yamebaki mawili. Baada ya hapo anataka GTX 1660 Super, yenye GB 6, wati 125; NVIDIA wenyewe wanashauri pawasaplai ya wati 450. Ndani ya boksi kuna waya wa kadi, wa pini 8, ambao haujawahi kuchomekwa popote. Siku tulipofunga mashine aliukunja mwenyewe, akaufunga kwa kibanio cha plastiki mahali ambapo mkono unaufikia kirahisi.