Masaa Manne ya Kabla

Tangu tumzike mtoto wa dada yangu, nawaza mashine: inafungwa kichwani, inausukumia ubongo damu na hewa, na aliyenyamaza anaita mama. Si ndoto tupu. Mwezi wa nne 2019, Nenad Sestan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza kwamba walichukua bongo 32 za nguruwe kutoka machinjioni, na masaa manne baada ya kifo wakazipitishia majimaji yanayofanya kazi ya damu. Seli zikaanza tena kutumia sukari na oksijeni.

Fahamu haikurudi. Na wataalamu wale hawakutaka irudi: waliweka tayari dawa ya usingizi, ili dalili ya kuamka ikionekana waizime na kusimamisha kazi. Kile tulichokuwa tukikililia matangani usiku kucha, wao walikiogopa. Niliwachukia. Sasa nawaelewa, maana kuamshwa bila kurudishwa, ukabaki na maumivu pasipo jina wala mama, nisingemtakia mtoto yule.

Malaria ilimpanda kichwani. Vimelea hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo, damu inakwama, degedege linampiga, kisha anazama usingizini, ukimwita haitikii. Lakini usingizi ule bado ni uhai! Dawa ya atesuneti ikiingia mwilini mapema, na sukari iliyoshuka ikipandishwa, watoto wengi huamka, wakadai uji. Ipo hata atesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa, ambayo mhudumu wa afya kijijini anaweza kumpa mtoto wa chini ya miaka sita kabla hajaanza safari.

Kwao, juu milimani Fizi, mashariki mwa Kongo, dawa hiyo haikuwepo. Dada alimfunga mgongoni akashuka kuelekea mji wa Baraka, kwenye mvua. Pikipiki ilinasa topeni, mto ulikuwa umejaa, na ng'ambo yake wenye bunduki hawakuwa wakipitisha watu. Akaendelea kumwita jina. Baadaye aliniuliza kama mtoto alisikia, nikamwambia naamini alisikia.

Habari ya Yale sijamweleza. Wale walihesabu masaa manne baada ya kifo. Yeye alikuwa nayo kabla, mtoto akipumua, ubongo ukingali mzima. Yalihitaji dawa ile ndogo kwenye mfuko wa mhudumu, na njia iliyo wazi. Masaa hayo nayalilia kuliko kifo chenyewe.