Makasha ya Darasani

Utaratibu ni mali ya watu wasio na mali. Tajiri akipoteza mkasi hununua mwingine. Maskini akiupoteza hukaa bila mkasi. Kwa hiyo, msomaji mpenzi, usidhani kuwa habari ya kupamba makasha ya darasani ni habari ya mchezo. Kwangu mimi ni habari ya haki.

Mwaka 2003, Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi za serikali, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Furaha ilikuwa kubwa, lakini makabati hayakuongezeka kwa kadiri ile. Katika vyumba vingi vitabu vililala madirishani, chaki zikakanyagwa sakafuni, na kalamu zikapita katika mikono mingi pasipo kujulikana mwisho wake. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kuwa mali ikipotea bila habari, habari yake hutafutwa kwa ukali, na aghalabu hutafutwa katika mfuko wa mnyonge.

Niliyaona hayo katika darasa nililofundisha. Mkasi ulipotea. Kabla sijauliza neno, macho ya wanafunzi yalikuwa yamekwisha kumgeukia msichana ambaye sare yake ilikuwa na viraka vingi kuliko za wenzake. Nilikataza asipekuliwe. Siku ya tatu mkasi ulionekana chini ya rundo la ramani zilizochakaa. Wanafunzi wawili tu walimwomba radhi. Waliobaki walisahau upesi, kama wasahauvyo wenye kudhulumu. Yeye hakusahau.

Juma lile nilikwenda dukani nikaomba katoni tupu za sabuni, nikapewa sita bure. Fundi cherehani alinipa mfuko wa vipande vya leso na vitenge. Kwa unga wa ngano, maji na chumvi kidogo tulipika gundi nzito kama uji. Tulibandika magazeti tabaka tatu, ndani na nje, tukaacha kila tabaka likauke vema juani kabla ya kuweka jingine, kwa maana karatasi mbichi ikifunikwa huota ukungu. Mwisho tulibandika nguo. Makasha tuliyapandisha juu ya matofali, mbali na ukuta, kwa sababu mchwa hupenda katoni kuliko wanafunzi wengine wapendavyo kitabu. Makopo ya maziwa ya unga yalipewa kazi ya kushika kalamu, baada ya kingo zake kali kukunjwa kwa nyundo. Makopo ya dawa ya wadudu hatukupokea hata moja, kwani sumu haioshwi ikaaminika.

Kila kundi la wanafunzi lilichagua rangi na picha ya kasha lake. La hesabu lilikuwa jekundu, na picha yake mizani. La Kiswahili lilikuwa la kijani, na picha yake ngoma. Picha haikuwekwa kwa urembo tu: wako watoto, hasa wavulana, ambao macho yao hayatenganishi vema wekundu na ukijani. Chini ya picha tuliandika jina, na ubavuni tuliandika hesabu: mikasi 8, rula 20. Kila jioni kabla ya kengele, wanafunzi wawili walihesabu kwa zamu.

Mwalimu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, aliniuliza, "Ndugu yangu, paa linavuja, vitabu havitoshi, nawe wapamba katoni?" Swali lake lilikuwa na uzito. Kasha zuri halizai kitabu, wala haifai pambo litumike kuficha uhaba ambao wakubwa yawapasa kuuona. Lakini vitabu 12 vilivyo mahali pajulikanapo huwafaa wengi kuliko 20 vilivyotawanyika. Tena mwenye hesabu kamili huomba nyongeza kwa hoja, na asiye nayo huomba kwa manung'uniko.

Yamkini utauliza kwa nini lipambwe, na katoni tupu ingetosha kubeba. Katoni tupu ni takataka iliyochelewa kutupwa, na takataka hupigwa teke na kila apitaye. Kasha lenye nguo aliyoikata mtoto kwa mkono wake lina mwenyewe. Sikupata kuona mtoto akilipiga teke pambo lake.

Litazame basi darasa lako, msomaji. Ukiona rundo pembeni, usingoje kabati lililoahidiwa. Tafuta katoni, gundi na wenzako wawili watatu. Siku kitu kitakapopotea tena, hesabuni makasha kwanza kabla ya kumtazama mtu usoni.