Mlinzi wa Kompyuta Naye Achunguzwe

Kompyuta ya nyumbani siku hizi ni sanduku la amana. Yetu imebeba daftari la kikundi cha kufa na kuzikana ambacho mimi ni mweka hazina wake, mitihani ya madrasa anayoitunga mume wangu, na picha za marehemu mama mkwe, Allah amrehemu. Mwanachama akifiwa hatauliza tulitumia programu gani. Atauliza michango yake imeandikwa wapi. Kutawakali, basi, hakumwondolei mtu wajibu wa kufunga mlango.

Muda wa programu ya kukinga virusi tuliyouziwa pamoja na kompyuta ulipokwisha, zilizuka rai mbili. Mume wangu alitaka tununue nyingine. Kijana wetu wa kidato cha nne akasema, "Mama, kwa fundi unawekewa ile ya kulipia bila kulipia kampuni." Nami nikaomba tuulize kwanza: tunamkabidhi nani funguo?

Swali hilo lina uzito, kwa kuwa programu ya kinga hukagua mafaili yote, na aghalabu hata kurasa tunazozifungua kwenye intaneti. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliituhumu kampuni ya Avast, maarufu kwa kinga yake ya bure, kwamba iliuza kumbukumbu za kurasa walizotembelea watumiaji wake, kumbukumbu ziwezazo kudokeza hata dini na maradhi ya mtu. Shauri hilo lilimalizwa kwa malipo ya dola milioni 16.5. Cha bure nacho huwa na bei yake.

Ama programu iliyovunjwa kufuli, baba yake alimjibu kwa upole: "Mwanangu, hiyo ni haki ya mtu." Mimi nikaongeza kuwa aliyeivunja amekwisha kutia mkono wake ndani, na mara nyingi huagiza uzime kinga uliyo nayo ndipo yake iingie. Nani humwajiri mlinzi aliyemkuta akitoka dirishani?

Tulipochunguza, tulikuta Windows 10 na 11 huja na kinga yake yenyewe, Microsoft Defender, bila malipo ya ziada. Hukaa kando programu nyingine ikiwekwa, na hurejea kazini ile nyingine ikiondolewa. Taasisi ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hupima programu hizi kwa ulinzi, kasi na wepesi wa matumizi, alama 6 kwa kila kipimo. Na Defender kwa miaka ya karibuni imekuwa ikipata alama za juu. Tukaridhika nayo. Kuweka mbili pamoja si ulinzi maradufu. Huvutana na kuifanya kompyuta kuwa nzito.

Hata hivyo, mlinzi hodari hafidii ukuta uliobomoka. Kirusi cha WannaCry kilipoenea Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu ili walipe fidia, Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha ufa ule tangu Machi. Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zimesasishwa. Na mwenye Windows 10 ajue kuwa huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Fedha ambazo tungelipia kinga tulinunulia diski ya nje. Kila Alhamisi usiku nanakili daftari la kikundi, kisha naichomoa diski na kuifungia kabatini, maana kirusi cha fidia hufunga pia kilichounganishwa. Flashi iliyotoka steshenari hukaguliwa kabla ya kufunguliwa. Watoto wana akaunti yao, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Kijana ndiye niliyemkabidhi kazi ya kuangalia masasisho, na kila wiki huniletea taarifa kabla sijamuuliza.

Tumefanya sababu, Mwenye kuhifadhi ni Allah.