Elimu ya Meno Niliyoiona Kamina

Nilipoanza uuguzi Kamina, wakati nchi yetu, Kongo, bado inaitwa Zaire, sikumjua mtu aliyesomea meno. Meno yalikuwa kazi ya mikono, na mikono hiyo ilifundishwa na mikono ya waliotangulia. Kwetu alikuwako mzee mmoja, muuguzi wa tangu enzi za Wabelgiji, ambaye vijana wote tulimwita Papa Munganga. Alikuwa na chumba mwisho wa baraza la zahanati, kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, dirisha la mashariki lililompa mwanga wa asubuhi, na koleo zake zikichemka juu ya mbabula ya makala. Wafanyakazi wa reli, askari wa kambi, mama za sokoni, watoto wa shule, wote walipita pale.

Aliyonifundisha hayakuwamo katika daftari langu la shule. Magego ya juu yana mizizi mitatu, ya chini miwili, kwa hiyo koleo zake hazifanani. Ukichoma ganzi taya la chini, usiguse jino mpaka mgonjwa akuambie mdomo wake upande mmoja umekufa na anauona mzito. Jino halivutwi. Linasukumwa polepole kuelekea shavuni, linarudishwa ndani, linapelekwa tena nje, mpaka mfupa uachie. Gego la chini kulia ulisimamie kwa nyuma ya mgonjwa, mkono wa kushoto ukilishikilia taya lisicheze. Likishatoka, lipanguse ulitazame: ncha za mizizi ni nzima, au kipande kimebaki? Kisha mgonjwa aume gozi kwa nusu saa, na asisukutue mpaka kesho.

Baadaye niliyakuta hayo katika vitabu vya Kifaransa, na mzee hakuwa amekosea. Alikuwa mwalimu bora kuliko wengi walionifundisha darasani, na nalisema hili kwa moyo wote. Lakini elimu yake ilikuwa na njia moja tu: jino likiuma, litoke. Yeye mwenyewe hakufundishwa kuziba jino, basi angetufundisha nini?

Sababu ni ya zamani kuliko yeye. Wakati wa ukoloni Mkongo aliyefika juu kabisa katika kazi ya tiba alikuwa msaidizi wa daktari. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 na kile cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Tarehe 30 Juni 1960 uhuru ulipofika, vyuo hivyo vilikuwa bado havijatoa daktari Mkongo hata mmoja. Jason Sendwe, mtu wa upande wetu wa Kabongo, ambaye hospitali kubwa ya Lubumbashi inaitwa kwa jina lake, naye alianzia katika ngazi hiyo ya wasaidizi kabla ya kuingia siasa. Ikiwa tiba ya mwili mzima ilikuwa na mlango mwembamba hivyo, meno yaliachwa nje kabisa. Majirani zetu nao hawakututangulia sana: Nairobi ilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, Dar es Salaam mwaka 1979. Kwetu somo hilo lilikulia Kinshasa ndani ya kitivo cha tiba, na leo Chuo Kikuu cha Kinshasa (UNIKIN) kina kitivo kamili cha meno.

Ila Kinshasa si Kamina. Hata Lubumbashi ni karibu kilometa 600 kwa reli. Mzazi wa hapa anayempeleka mtoto kusomea meno anauza kiwanja, anatafuta ndugu wa kumpokea, na anajua moyoni kwamba mtoto akishahitimu huenda asirudi. Simlaumu mtoto huyo. Atarudi kwenye kiti gani, kwa umeme upi, kwa mshahara wa nani? Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba kanda ya Afrika ina madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, sehemu moja ya kumi tu ya wastani wa dunia. Na hao wachache wengi wao wako miji mikubwa.

Mabadiliko niliyashika kwa mkono siku mpwa wangu, mwanafunzi wa meno Kinshasa, alipokuja kufanya mazoezi kwetu. Masomo yake yote yalikuwa ndani ya simu. Aliniambia walianza kwa kujifunza juu ya vichwa vya plastiki kabla ya kugusa mtu, jambo ambalo Papa Munganga asingeliamini. Aliniambia pia kwamba ule mchanganyiko wa fedha na zebaki, waliozibia meno madaktari wa zamani, unaachwa polepole tangu mkataba wa Minamata wa mwaka 2013.

Asubuhi moja mama alimleta binti yake, mtoto wa shule ya msingi, shavu amelishika. Mpwa wangu alimulika kinywani akasema, “Trente-six.” Ni gego kubwa la kwanza, chini kushoto, linaloota mtoto akiwa na miaka kama sita, na wazazi wengi hudhani ni jino la utoto litakalong'oka lenyewe. Mama akanigeukia mimi mzee: “Papa, utoshe tu hiyo jino, tuende.” Mkono wangu ulikwisha kuelekea kwenye koleo.

“Mujomba, ngoja,” mpwa wangu akasema. “Hili bado zima ndani.”

Akachukua vyuma vidogo vya mkono, hakuna mashine, hakuna sindano. Akapanua mdomo wa tundu, kisha kwa kijiko chembamba akakwangua uozo laini, kwanza pembeni, halafu chini kwa uangalifu mkubwa. Akapanguza kwa pamba, akakausha. Akachanganya unga na maji yake mpaka ukawa simenti nzito inayong'aa, akajaza, akapaka kidole vazelini na kukandamiza. Akapunguza palipozidi, akamwambia mtoto asile kwa saa nzima. Simenti ile huachia floridi kidogo kidogo na kulilinda jino. Mtoto hakulia.

Njia hiyo haikutoka Ulaya. Ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Jo Frencken, Mholanzi, na wenzake walitafuta namna ya kutibu meno vijijini pasipo umeme. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyohusu kinywa mwaka ule. Nilikuwa kazini Kamina wakati huo, na habari hiyo haikutufikia. Tuliendelea kung'oa. Nikifikiria magego ya watoto yaliyotoka katika miaka hiyo, naumia.

Wauguzi vijana waliokuwa wamesimama dirishani walimzunguka mpwa wangu mara mama alipotoka. Mmoja akauliza mbona shuleni hawakuonyeshwa hivi. Wiki zile alizokaa kwetu walijifunza kwa meno yaliyong'olewa, wakiyakwangua na kuyajaza, mpaka pakiti ya simenti ikaisha. Video za simu ziliwasaidia kuona, lakini nguvu ya kidole haionekani kwenye kioo; ilibidi mtu ashike mkono wa mwenzake, kama mzee alivyoushika wangu.

Sasa nchi inaandika upya programu za vyuo. Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) ulianza mwaka wa masomo 2021-2022, graduat ya zamani, ile shahada ya miaka mitatu, inaondoka, na Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami tangu 2015, ina chuo kikuu chake. Nasikia watu wakidai kitivo cha meno katika kila mkoa. Mimi naomba kingine kwanza: muuguzi yeyote anayesomea hapa apewe wiki kadhaa za kinywa, achanganye simenti kwa mkono wake, ajue jino la kuziba na jino la kutoa, na atoke na seti ya vyuma vile vidogo anapopelekwa kituo cha afya. Daktari wa meno akija kutoka Kinshasa atakuta kazi imeanza, na atakuwa na watu wa kufundisha.