Tarehe 15 Haitulazi Tena Ofisini

Ushuhuda nimezoea kuusikia kanisani, mtu akisimulia alivyoacha pombe au alivyopona. Wangu unahusu waya. Mimi ni mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Nyamyumba, Rubavu, njia ya kwenda kiwanda cha bia, na kwa muda mrefu kazi yangu kubwa ilikuwa kusubiri. Nabonyeza jina la mteja kwenye programu ya hesabu, nasubiri. Naomba orodha ya mabati yaliyobaki stoo, naenda kuchemsha chai, narudi nakuta kiduara bado kinazunguka.

Asiyefanya biashara Rwanda anaweza kuliona jambo dogo. Huku mauzo yanatolewa risiti ya kielektroniki ya EBM, utaratibu ulioanza mwaka 2013 kwa mashine ndogo za mezani na ambao sasa kwa wengi wetu ni programu ndani ya kompyuta. VAT ni asilimia 18, na tamko la mwezi uliopita lazima lifike Mamlaka ya Mapato kabla tarehe 15 haijapita. Vitabu vyetu na risiti za EBM vikubaliane, franga kwa franga. Programu ya hesabu ikiwa nzito, kazi ya kulinganisha inahamia usiku. Wiki ya pili ya kila mwezi nilikuwa nafika nyumbani watoto wamekwisha lala. Mchana karani wa mauzo aliandika kwenye daftari, maana mteja aliyetoka Goma kuchukua sementi hana subira ya kutazama skrini huku akiwaza foleni ya mpakani. Jioni tunayaingiza yale ya daftari upya. Kazi moja, mara mbili.

Kila mtu alikuwa na mkosaji wake. Bosi alisema kompyuta zimezeeka, akaanza kuuliza bei za mpya. Karani alilaumu intaneti, ambayo kwa kweli ilisingiziwa: faili la hesabu lilikuwa humuhumu ofisini, kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma tunayoiita seva, na hata siku intaneti inapokatika uzito ulikuwa uleule.

Mambo yaligeuka siku alipokuja kijana mmoja, fundi wa Goma, kutengeneza printa. Alisikia habari ya kompyuta mpya akacheka kidogo. “Mama, hiyo programu mmeshaifungua kwenye seva yenyewe?” Tukaenda chumba cha nyuma, tukaifungua. Orodha ya mabati ilitoka hata sijavuta kiti vizuri. Faili lilelile, programu ileile, na mashine yenyewe si mpya kuliko zetu. Basi tatizo lilikuwa njiani, kati ya seva na meza zetu.

Alichonieleza baadaye ndicho kilichonibadilisha, kwa sababu kilikuwa hesabu, na hesabu naielewa. Programu za aina yetu haziiambii seva “nipe jibu”. Zinalifungua faili kwa mbali na kulisoma kipande kwa kipande: funga mlango ili mwingine asiandike, soma ukurasa huu, soma ule, fungua mlango. Ni kama kumtuma mtoto Goma akanunue kitunguu kimoja, arudi, umtume nyanya moja, arudi, na kila safari aonyeshe kitambulisho kwenye mpaka wa Petite Barrière. Barabara hata ikiwa pana, hasara yako iko kwenye idadi ya safari. Ripoti ikihitaji safari 10,000, na kila safari ikichukua milisekunde moja, utasubiri sekunde 10. Safari hiyohiyo ikichukua milisekunde 30, utasubiri dakika 5. Ndiyo maana tulipowahi kulipia intaneti yenye kasi zaidi hatukuona tofauti yoyote. Hatukuwa tunatoka nje ya nyumba.

Akanifundisha kupiga pingi, yaani kutuma kifurushi kidogo kwa seva na kupima kinarudi baada ya muda gani. Kwa waya mzima, ndani ya ofisi moja, jibu linarudi chini ya milisekunde moja. Kompyuta yangu ilikuwa kwenye waifai: mara 4, mara 180, mara 9, halafu kimya, kifurushi kimepotea. Ya karani ilikuwa na waya lakini iliungana na swichi ya mtandao kwa megabiti 10 kwa sekunde, na swichi yenyewe ni ya 100.

Tukaufuata ule waya hadi darini. Hapo nikakumbuka Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi huo, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba nyingi za Rubavu, yetu ikiwamo. Tulihamia jengo hili haraka, waya za zamani zikawa fupi, aliyezifunga akaziunga kwa kusokota na kuzizungushia utepe wa umeme. Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili kwa kipimo, na usokotaji huo ndio unaozuia kelele. Pale kwenye kiungo zilikuwa zimefumuliwa zote. Simlaumu mtu, mwezi ule watu walikuwa wanalala nje.

Bosi hakununua kompyuta hata moja. Alinunua roli ya waya, swichi mpya na UPS ya seva, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la aina hii huharibika. Programu ya kuzuia virusi ilikuwa ikilikagua faili zima kila lilipoguswa; tukaiagiza iliache mchana na ilikague usiku. Kumbukumbu za miaka ya nyuma tulizinakili kwenye diski mbili kabla ya kuziondoa kwenye faili la kazi. Hilo la diski mbili nililishikilia mimi, na fundi alikubali kwa shingo upande.

Daftari la mauzo limebaki kwa siku za giza tu. Karani anatoa risiti mteja akiwa bado anahesabu noti. Tamko la VAT sasa naliandaa saa za kazi. Na mimi, niliyekuwa nikiita “mtandao” kila kisichofanya kazi, nina ukurasa wa vipimo vya pingi za asubuhi ubavuni mwa kitabu cha fedha. Kipimo kikipanda, nakagua waya kabla sijampigia mtu.

Sehemu moja bado ilisumbua: stoo ya sementi ng'ambo ya barabara, ambako waya haufiki na waifai inabahatisha. Huko tuliacha kabisa kulivusha faili. Mtunza stoo anaingia kwa mbali kwenye kompyuta iliyo karibu na seva, na kinachovuka barabara ni picha ya skrini na herufi anazobonyeza. Mvua kubwa ikinyesha picha inakwama, analalamika, anasubiri kidogo, inarudi. Kule ofisini kazi yake inakuwa bado imefunguka pale alipoiachia.