Mbwa wa Nasaba na Haki Zake



Swali hili nimeulizwa Iringa, kisha nikaulizwa tena Mbeya, na kwenu huko pwani huenda bado halijabisha hodi: je, yafaa Muislamu kuzalisha mbwa wa nasaba akajipatia riziki yake kwao? Usikunje uso kwa kuona mbwa anatajwa katika ukurasa huu. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amemtaja mbwa katika Sura ya Al-Kahf pamoja na vijana wale waliokimbilia pangoni na dini yao, na katika Sura ya Al-Maida ametuhalalishia windo la mbwa aliyefunzwa. Kilichotajwa na Qur'ani hatuwezi sisi kukionea haya.

Mimi ni mtu wa Pangani, nimesoma katika vyuo vya pwani, na kwa miaka mingi sasa nasomesha watoto hapa Iringa. Huku nyanda za juu mbwa hatazamwi kama kwetu. Kwetu akipita uchochoroni watoto humtupia mawe, na mzazi aliye barazani huona sawa tu, kwani si najisi? Huku mwenye shamba la mahindi ana mbwa wake kwa ajili ya nguruwe na nyani, na mwenye ng'ombe hali kadhalika. Na katika miaka ya karibuni pamezuka biashara. Wenye nyumba na maduka mjini hawamtaki tena mbwa wa kienyeji. Wanataka German shepherd, Rottweiler, Boerboel, na wengine wanataka wale wadogo wenye pua bapa ambao hata kazi ya kulinda hawaiwezi. Jike mmoja huzaa watoto sita, saba, hata zaidi kwa mara moja, na bei ya mtoto mmoja hushinda ya mbuzi. Mwenye kuipiga hesabu hiyo usingizi humruka.

Ama hukumu ya kumfuga na kumuuza nitaipita haraka, maana imekwisha andikwa pahala pengi. Mtume (S.A.W.) amekataza kuweka mbwa pasi na haja, akawatoa katika katazo hilo mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba, na Imam Nawawi akaona kuwa mbwa wa kulinda nyumba naye huingia humo kwa kiasi. Thamani ya mbwa imekatazwa kwa hadithi sahihi, na katika madhehebu yetu ya Shafi kumuuza hakusihi. Mahanafi wameruhusu kwa mbwa mwenye manufaa, na baadhi ya wanazuoni wetu wa baadaye wametaja njia ya mtu kupewa kitu ili aondoe mkono wake juu ya mbwa, pasi na kuwa ni mauzo. Mwenye kutaka undani wa hayo na amwendee sheikh wake. Silo lililonishikisha kalamu.

Lililonishikisha kalamu ni hili. Yule aliyeniuliza alidhani swali likishajibiwa upande wa fedha limekwisha. Nikamwomba anioneshe hao mbwa. Nilimkuta jike wa German shepherd, manyoya mazuri, macho ya akili, lakini kwa nyuma anajikokota kama mzee aliyevunjika kiuno. Na dume aliyewekewa ni mtoto wake mwenyewe wa kumzaa. Mwenyewe akanieleza kwa fahari kuwa hivyo ndivyo inavyohifadhiwa damu isichanganyike.

Basi tulitazame jambo hili kwa makini. Kila kiumbe huchukua ndani yake ila ambazo hazionekani, alizozirithi upande mmoja tu, zikazuiwa na uzima wa upande wa pili. Ukipandisha ndugu kwa ndugu, au mama kwa mwana, ila ile ile hutoka pande zote mbili, na mtoto hukosa cha kumkinga. Ama ugonjwa wa nyonga, ambao mfupa wa paja haukai sawasawa katika kikombe chake, ni mashuhuri kwa German shepherd na mbwa wakubwa wengine, na hurithiwa. Ndiyo maana nchi za Ulaya na Marekani zimeweka tangu miaka ya 1960 utaratibu wa kupiga eksirei nyonga za baba na mama kabla ya kuwapandisha. Nilipomuuliza bwana yule kama jike wake amepigwa eksirei, alinicheka, akasema hata yeye mwenyewe hajawahi kupigwa.

Si kwamba mbwa huyu aliumbwa mgonjwa. Mwaka 1899 afisa mmoja wa Kijerumani, Max von Stephanitz, aliwakusanya mbwa wa wachunga kondoo wa kwao, na alilolitazama ni kazi na akili. Ila yalikuwa yamekwisha anza mashindano ya uzuri, hasa Uingereza ambako klabu ya kuandika nasaba za mbwa, Kennel Club, iliundwa mwaka 1873. Hapo mbwa akawa wa kutazamwa. Kila klabu ikaandika umbo linalotakiwa, na wazalishaji wakalifuata mpaka likavuka mpaka. Bulldog akapewa kichwa kikubwa na nyonga nyembamba, hata uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ukaonesha kuwa zaidi ya uzao 80 katika kila 100 hutolewa kwa kupasuliwa mama. Yaani mwanadamu amemtengeneza mnyama asiyeweza kuzaa bila ya kisu!

Kubwa kuliko hilo kwangu mimi ni la Rhodesian ridgeback, mbwa aliyetokana na mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa bara letu, na kanuni zake zikaandikwa Bulawayo mwaka 1922. Ana mstari wa manyoya mgongoni uliogeuka kinyume, na huo ndio fahari yake. Mwaka 2007 wataalamu walithibitisha kuwa chembe za urithi zinazoleta mstari huo ndizo zinazomuelekeza mbwa kwenye ila ya kuzaliwa na tundu katika ngozi, ambalo huweza kushuka hadi karibu na uti wa mgongo likaingiza usaha. Wakati huo huo wako wazalishaji waliokuwa wakiwaua watoto wanaozaliwa bila ya mstari. Mzima anauawa kwa kuwa hana alama ya ugonjwa. Ndugu msomaji, sisi tunaosoma habari za Waarabu wa Jahiliya na mabinti zao twajua jinsi ada inavyoweza kumpofua mtu. Simlinganishi mbwa na mtoto wa Adamu, nasema upofu wenyewe ni wa jamaa moja.

Filamu ya BBC ya mwaka 2008 iliyafichua mengi katika haya, na mwaka uliofuata shirika hilo halikuyaonesha tena mashindano makubwa ya Crufts. Norway nayo, Mahakama Kuu ilihukumu mwaka 2023 kuwa kumzalisha Cavalier King Charles, kwa hali ya maradhi aliyonayo, ni kuvunja sheria ya wanyama. Wasiokuwa Waislamu wametangulia kulisema hili. Nasi vitabu vyetu vilikwisha lisema!

Sheikh Izz bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 660 Hijria, amezihesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe: amlishe hata akizeeka au akiugua kwa namna asiyotarajiwa tena manufaa, asimbebeshe asichokiweza, asimweke pamoja na kitakachomdhuru, wala asimchinje mtoto wake mbele ya macho yake. Wala hakusema haki hizo ni za wale walio tohara tu. Najisi ni hukumu ya chombo chako na nguo yako. Utaosha mara saba, moja kwa udongo, basi. Haikupi ruhusa ya kumuumiza. Al-Waqidi ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa njiani kuifungua Makka na jeshi kubwa, alimwona mbwa jike na wanawe wakinyonya, akamsimamisha mtu awalinde mpaka jeshi lipite wasisumbuliwe.

Huenda mtu akasema: basi kuzalisha kwa nasaba kote ni kubadilisha umbo la Mwenyezi Mungu, kama Shetani alivyoapa katika Sura ya An-Nisaa. Mimi siendi mbali hivyo. Wachungaji wa Anatolia, nao ni Waislamu, wamewazalisha kwa karne nyingi mbwa wakubwa wa kulinda kondoo na mbwamwitu, na Waarabu wana saluki wao wa kuwindia. Huko kilichochagua ni kazi: asiyeweza kutembea hakulifuata kundi, na asiyefuata kundi hakupewa jike. Na mfano wake tunao hapa hapa Iringa. Kando ya Hifadhi ya Ruaha, upande wa Idodi na Pawaga, simba na fisi huingia katika maboma ya wafugaji, na wafugaji nao hulipa kisasi kwa mkuki na sumu. Mradi wa Ruaha Carnivore Project, ulioanza mwaka 2009, ulileta katika muongo wa 2010, kwa kushirikiana na Cheetah Conservation Fund ya Namibia, mbwa wa jamii hiyo ya Anatolia, wakakabidhiwa Wabarabaig. Mtoto wa mbwa hulelewa na mifugo tangu udogoni, akaiona ndiyo jamaa yake. Huyu ana nasaba, na nasaba yake ina sababu.

Lakini hata hapo mwenye mbwa hajapumzika. Nyika za huko zina ndorobo. Na mbwa asiyechanjwa karibu na hifadhi si hatari kwa mwenyewe peke yake: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaodhaniwa kutoka kwa mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Bwana yule nilimwambia asimpandishe tena jike wake, amwite daktari wa mifugo, na amlishe mpaka ajali yake ifike. Hakufurahi. Alisema angalau mara moja zaidi, arudishe gharama. Nikamkumbusha na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, maana wako watu ambao serikali huwatisha zaidi kuliko sheikh.

Haya yanakuhusuni nyinyi wa pwani kwa kuwa wengi wa watoto hao wa mbwa wanakuja kwenu. Nimewaona stendi wakitiwa katika maboksi wakiwa na wiki nne au tano, hawajaachishwa ziwa vyema, kwenda Dar es Salaam na Tanga. Mbwa hana jasho la kumpoza mwili kama letu. Hujipoza kwa kuhema. Mwenye pua bapa aliyezaliwa katika baridi ya Mbeya, ukimfungia uani Kariakoo mwezi wa Februari, umemfungia ndani ya tanuri. Ukiwa huna mifugo, wala shamba, wala wezi wa kuogopwa, mbwa huna haja naye. Ukiwa na haja ya kweli, yuko mbwa wa kienyeji wa jirani, mzima wa nyonga na pumzi, na aghlabu hupewa bure. Na ikiwa ni lazima uwe wa nasaba, mwambie mwenye kuzalisha akuoneshe mama yao akisimama na kutembea, akutajie baba yao ni nani kwake huyo mama, na akupe kadi ya chanjo yenye mhuri wa daktari. Usimchukue mtoto kabla ya wiki nane. Mfuate mwenyewe au mtume mtu, msafiri naye usiku mkilikwepa joto la Mikumi, na maji yake yawe karibu.