Taji Dogo la Mtu wa Kawaida

Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga. Hapana shaka waliolibuni jina Corolla waliamini vivyo hivyo. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni taji dogo. Kampuni ya Toyota ilikuwa imekwisha kutoa Crown mnamo 1955 na Corona mnamo 1957, majina ambayo yote mawili yana maana ya taji. Novemba 1966 taji hilo likapunguzwa ili limwenee mtu wa kawaida.

Mhandisi mkuu wa gari hilo, Tatsuo Hasegawa, alikuwa mbunifu wa ndege wakati wa vita. Japani iliposhindwa mnamo 1945 na utengenezaji wa ndege kupigwa marufuku, akahamia Toyota. Huko alisimamia Publica, gari la 1961 lililokuwa na bei nafuu na lisilo na pambo lolote. Hesabu zilikuwa sahihi, lakini wanunuzi hawakujitokeza kama ilivyotarajiwa. Familia iliyojinyima kwa miaka ili ipate gari lake la kwanza haikutaka chombo kinachotangaza ufukara wake mbele ya majirani.

Hasegawa akalishika somo hilo. Katika Corolla alijiwekea kanuni kwamba kila sehemu ipate angalau alama 80 kwa 100, na juu ya hizo pawe na jambo la ziada la kumfurahisha mwenye gari. Mshindani wake, Nissan Sunny, alikuwa ametoka Aprili mwaka uo huo akiwa na injini ya takribani sentimita 1,000 za ujazo. Corolla likapewa 1,077, na matangazo yakaringia ziada hiyo.

Tangu hapo vizazi 12 vimefuatana. Mnamo 1983 magurudumu ya mbele yalianza kuliendesha badala ya yale ya nyuma. Mnamo 1997 jina hilo likaipiku Volkswagen Beetle kwa mauzo. Mnamo 2021 idadi ikafikia milioni 50. Kilichosalia cha 1966 ni jina tu.

Hata hivyo, jina linalobeba vitu vingi namna hiyo huishia kutotofautisha chochote. Nchini Kenya, ambako mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika Japani, taji limewekwa kando. Gari la kizazi cha 1995 huitwa 110 na la kizazi cha 2000 huitwa NZE, kwa kufuata nambari ya chesisi. Muuza vipuri hana haja na Kilatini. Ana haja ya kujua taa ipi italingana na gari lipi.

Je, jina limepotea bure? La hasha. Mwenye NZE anayeliosha gari lake Jumamosi jioni anadai kile kile ambacho Publica lilimnyima mnunuzi wa 1961: chombo anachokimudu, kisichomwaibisha.